SOMO LA KUMI NA MBILI: USIMPE BAWABU FUNGUO ZOTE

(Maneno ya somo la redio, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwa sauti, wanafunzi wafuate kwa kidole.)

Chukua kalamu. Fungua somo la kumi na mbili.

Leo tutajifunza habari za madaraka ndani ya kompyuta: nani apewe, apewe kiasi gani, na kwa nini asipewe zaidi ya hapo. Kwanza tusome maneno ya leo. Yasome polepole pamoja nami.

SEVA. Ni kompyuta, au programu iliyomo ndani yake, ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu. Ukifungua tovuti, seva ndiyo inayokuletea ukurasa.

SKRIPTI. Ni orodha ya amri iliyoandikwa katika faili. Kompyuta huisoma na kutenda kama ilivyoandikwa.

MTUMIAJI. Ni jina lililoandikishwa katika kompyuta. Kila kazi hufanywa kwa jina la mtumiaji fulani.

MADARAKA. Ni ruhusa ya kutenda jambo, kama kusoma faili, kuifuta, au kuanzisha kazi.

ROOT. Ni jina la mtumiaji mkuu katika kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux na jamaa zake. Yeye karibu hakatazwi neno.

Umekwisha kuyasoma? Vema. Sasa tuendelee.

BARUA YA KARANI

Tumepata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja. Yeye ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima. Chama chao kina kompyuta moja ambayo ni seva ya tovuti yao ndogo. Ndani yake limo daftari la wanachama: jina la kila mkulima, kilo alizoleta, fedha alizolipwa, na fedha anazodai bado.

Printa ya stakabadhi imeunganishwa na kompyuta ile ile. Mara kwa mara printa hukwama. Ikikwama, wakulima husimama foleni juani na magunia yao, maana hakuna anayekubali kuacha mazao yake bila stakabadhi. Karani hana budi kumpigia simu fundi aliye mjini. Fundi huandika amri moja tu ya kuanzisha upya kazi ya kuchapa, na printa hufanya kazi tena.

Basi karani akafikiri, "Kwa nini nisiweke kitufe katika ukurasa wa tovuti? Printa ikikwama, nibonyeze, mambo yaishe." Akaandika skripti yenye amri ile ile ya fundi. Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikamjibu kuwa ruhusa hakuna.

Alishangaa. Fundi akiiandika amri hii kwa mkono wake, inakubali. Kitufe kikiituma, inakataliwa. Rafiki yake akamwambia, "Jambo dogo hilo. Ipe seva ya tovuti madaraka yote ya root, na taabu itakwisha." Karani anatuuliza: je, nimfuate rafiki yangu?

Jibu letu ni hili: usimfuate. Haja yako ni njema, lakini njia ya rafiki yako ni mbaya. Tena iko njia nzuri ya kuipata haja hiyo hiyo. Ila usiishike njia nzuri kwa kuambiwa tu. Kwanza ujue sababu.

KILA KAZI INA JINA LA MWENYEWE

Katika Linux hakuna kazi isiyo na mwenyewe. Kila programu inayofanya kazi hubeba jina la mtumiaji, na nyuma ya kila jina iko namba. Namba ya root ni 0. Kompyuta inapoulizwa, "Je, huyu aruhusiwe?" hutazama namba hiyo. Ikiwa ni 0, karibu kila mlango hufunguka. Root aweza kusoma faili ya mtu yeyote, kuifuta, kubadili nywila za watu, na kuzima kompyuta nzima.

Seva ya tovuti hufanya kazi kwa jina gani? Katika Linux za aina ya Debian na Ubuntu, jina lake ni www-data, na namba yake ni 33. Huyu ni mtumiaji mdogo. Amepewa ruhusa ya kusoma kurasa za tovuti na kuzitoa kwa wageni, na mengine machache. Hana ruhusa ya kugusa kazi ya printa. Hii ndiyo sababu kitufe cha karani kilikataliwa. Fundi huandika amri kwa madaraka ya root; kitufe huiandika kwa jina la www-data.

Wako wanafunzi watakaouliza, "Mbona seva yenyewe huanzishwa na root?" Swali zuri. Maombi ya tovuti huingia katika kompyuta kwa milango yenye namba, nayo ni mlango namba 80 na mlango namba 443. Kwa desturi, milango yote iliyo chini ya namba 1024 hufunguliwa na root peke yake. Basi seva ya Apache huanza kwa jina la root, ikafungua mlango, kisha ikazaa watoto, yaani programu ndogo zinazofanya kazi chini yake. Watoto hao huvuliwa madaraka na kupewa jina la www-data. Mzazi habadilishani maneno na wageni. Watoto ndio wanaowapokea.

Fikiri nyumba kubwa yenye bawabu. Asubuhi mwenye nyumba hufungua lango kwa ufunguo wake, kisha huingia ndani na ufunguo wake mfukoni. Anayebaki langoni ni bawabu. Bawabu huzungumza na kila mpita njia, mwema na mwovu. Kwa hiyo bawabu hapewi ufunguo wa sanduku la fedha. Si kwa sababu bawabu ni mwizi. Ni kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukutana na mwizi.

MGENI ALIYESEMA MANENO MAWILI

Sasa nikueleze jambo lililotokea kweli, upate kuona hatari yenyewe.

Mwaka 1993, mafundi wa NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, waliandika utaratibu uitwao CGI. Kwa utaratibu huo mgeni akiomba ukurasa, seva huamsha skripti, skripti hutenda kazi, na majibu hurudi kwa mgeni. Kabla ya hapo kurasa nyingi zilikuwa kama tangazo lililobandikwa ukutani. Sasa mgeni aliweza kuuliza na kujibiwa.

Pamoja na seva yao waligawa skripti za mfano. Moja iliitwa phf, nayo pia ilifuatana na matoleo ya kwanza ya Apache. Kazi yake ilikuwa ya kawaida sana: mgeni huandika jina la mtu, skripti hulitafuta katika daftari la majina na simu. Ili kulitafuta, ililichukua neno la mgeni na kulitia ndani ya amri, kisha ikaipeleka amri hiyo kwa programu ipokeayo amri, ambayo mafundi huiita sheli.

Waliotunga phf walijua hatari iliyopo. Waliandika sehemu ya kuchuja alama mbaya katika maneno ya mgeni. Lakini walisahau alama moja: alama ya kuanza mstari mpya. Basi mgeni mjanja aliandika jina, akatia alama ya mstari mpya, kisha akaandika amri yake mwenyewe. Sheli ikaona mistari miwili. Wa kwanza ni swali. Wa pili ni amri. Ikatenda yote mawili. Wengi waliitumia njia hiyo kuisoma faili yenye majina ya watumiaji wote wa kompyuta ile. Mwaka 1996 CERT, kikosi cha Marekani cha kuonya watu juu ya hatari za kompyuta, kilitoa onyo juu ya phf.

Sasa sikiliza neno lililo kubwa katika onyo hilo. Lilisema kuwa amri ya mgeni hutendeka kwa madaraka ya yule mtumiaji ambaye seva inafanya kazi kwa jina lake. Soma tena. Kwa madaraka ya nani? Ya mwenye jina la seva. Kama seva ni ya mtumiaji mdogo, mgeni mwovu anapata madaraka madogo. Kama seva ni ya root, mgeni mwovu amekuwa root.

Labda utasema, "Mimi ni mwangalifu. Skripti yangu haina kosa." Basi sikiliza habari ya pili. Mwezi wa Septemba mwaka 2014 ilitangazwa kuwa sheli iitwayo Bash ina kosa ambalo lilikuwamo tangu mwaka 1989. Kosa hilo liliitwa Shellshock. Mgeni aliweza kuficha amri katika habari ambazo kivinjari chake huipa seva, na Bash ikazitenda hata kabla ya kusoma mstari wa kwanza wa skripti. Aliyeandika skripti hakuwa na kosa lolote. Hata hivyo skripti yake ilikuwa mlango wa mwizi kwa muda wa miaka mingi.

Kwa hiyo usijiulize tu, "Je, skripti yangu ina kosa?" Jiulize pia, "Siku kosa likionekana, mgeni atapata madaraka gani?" Swali la kwanza huwezi kulijibu kwa hakika. La pili waweza, maana jibu lake unalitengeneza wewe mwenyewe leo.

NINI KITAPOTEA?

Turudi kwa chama cha ushirika. Tuseme mwizi amepita katika tovuti yao, naye amepata madaraka ya www-data tu. Ni hasara, nami sitakuficha. Aweza kuharibu kurasa. Lolote ambalo tovuti huruhusiwa kulisoma au kulibadili katika daftari, naye aliweza.

Lakini akipata madaraka ya root, hasara ni nyingine kabisa. Aweza kubadili kilo za mkulima, kisha akafuta kumbukumbu zote za kompyuta zinazoonyesha ni nani aliyeingia na saa ngapi. Aweza kufuta nakala za akiba zilizomo katika kompyuta hiyo. Aweza kujitengenezea mlango wa siri ili arudi tena. Siku ya malipo mkulima atasema, "Nilileta magunia kumi." Kompyuta itasema sita. Karani atamwamini nani? Na wanachama watamwamini nani, ikiwa si kumshika karani mwenyewe?

NJIA NNE ZA KUPOTEA

Watu wenye haraka hupita njia nne. Uzijue, uziepuke.

Njia ya kwanza ni kuifanya seva nzima iwe ya root. Apache yenyewe hukataa. Ukiiambia iwahudumie wageni kwa jina la root, haianzi. Anayeshikilia hana budi kuitengeneza upya na kutia ndani yake neno BIG_SECURITY_HOLE, yaani tundu kubwa katika ulinzi. Watungaji walichagua jina hilo ili mtu asiseme hakuambiwa.

Njia ya pili ni ile ya 777. Tufanye hesabu kidogo. Katika Linux, ruhusa ya kusoma faili huhesabiwa 4, ya kuandika ni 2, ya kuitenda ni 1. Jumla ni ngapi? Naam, 7. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kikundi chake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Basi 777 maana yake kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu atende. Hiyo ni nyumba isiyo na mlango.

Njia ya tatu ni kuitumia vibaya programu ya sudo. Programu hii ilianza karibu na mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, ikatungwa na Bob Coggeshall na Cliff Spencer. Humwezesha mtumiaji mdogo kutenda amri fulani kwa madaraka ya mwingine, kama sheria zilizoandikwa zinavyoruhusu. Ni chombo kizuri. Lakini watu huandika sheria hii:

www-data ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL

Maana yake: www-data aweza kutenda amri yoyote, kwa jina la yeyote, bila kuulizwa nywila. Hapo www-data amekuwa root kwa jina jingine.

Naona haya kusema, lakini nitasema. Mimi mwenyewe niliwahi kuuandika mstari huo katika kompyuta ya ofisi moja. Nilikuwa na haraka, nikajiambia, "Ni kwa jioni hii tu, kesho nitaufuta." Kesho ilikuja na kazi zake. Mstari ulikaa pale miezi mingi, hata siku fundi mwingine alipoukuta akaniuliza ni nani aliyeuandika. Hakuna kilichoibwa, kwa bahati. Bahati si ulinzi.

Njia ya nne ni kuitia skripti alama iitwayo setuid. Alama hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie, mmoja wa watungaji wa Unix, naye alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1979. Programu yenye alama hiyo hufanya kazi kwa jina la mwenye faili, si kwa jina la aliyeiita. Lakini Linux haiijali alama hiyo katika skripti, na sababu yake ni nzuri. Skripti hufunguliwa mara mbili: kwanza mfumo huifungua ili ujue ni programu gani itakayoisoma, kisha programu hiyo huifungua tena ili iisome. Katikati ya mara hizo mbili mwizi aweza kubadili faili. Kwa hiyo mtu hutia alama, hutia tena, na hakuna kinachotokea. Usipoteze wakati wako hapo.

NJIA NJEMA: UFUNGUO MMOJA WA MLANGO MMOJA

Wahenga walisema, ukipewa shibiri usichukue pima. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni inayofanana na hiyo: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa madaraka machache kabisa yanayotosha kuimaliza kazi yake. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa somo letu. Sasa tuitumie kwa hatua.

Hatua ya kwanza. Uliza kama root anahitajiwa kweli. Mara nyingi skripti haihitaji root. Inahitaji kusoma faili moja tu. Basi iweke faili hiyo katika kikundi ambacho www-data yumo, ukaipe ruhusa ya kusoma. Kazi imekwisha. Lakini karani wetu anataka kuanzisha upya kazi ya printa, na hiyo ni kazi ya root. Tuendelee.

Hatua ya pili. Andika skripti ndogo inayofanya jambo moja, na isipokee neno lolote kutoka kwa mgeni. Iite anzisha-printa, uiweke katika /usr/local/sbin. Ina mistari miwili:

#!/bin/sh
exec /usr/bin/systemctl restart cups

Neno cups ni jina la kazi ya kuchapa katika Linux. Tazama kuwa systemctl imeandikwa na njia yake yote, kuanzia alama ya mkwaju. Ukiandika jina tupu, kompyuta huenda ikaokota programu nyingine yenye jina hilo hilo.

Hatua ya tatu. Mwenye skripti hiyo awe root, na ruhusa iwe 755:

chown root:root /usr/local/sbin/anzisha-printa
chmod 755 /usr/local/sbin/anzisha-printa

Hesabu tena. Root ana 7, yaani yote. Wengine wana 5, yaani 4 na 1: wasome na watende, wasiandike. Hatua hii usiiruke. Kama www-data aweza kuiandika skripti hiyo, mwizi ataibadili maneno, kisha sudo itayatenda kwa madaraka ya root. Ni kama kutia sahihi hundi na kuacha nafasi ya fedha tupu.

Hatua ya nne. Andika sheria ya sudo kwa programu iitwayo visudo, usitumie nyingine:

visudo -f /etc/sudoers.d/printa

Ndani yake andika mstari mmoja:

www-data ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/anzisha-printa ""

Tuusome pamoja. www-data ni anayeruhusiwa. ALL ya kwanza ni kompyuta yoyote inayotumia sheria hii. Root katika mabano ni jina atakalolitumia. NOPASSWD maana yake asiulizwe nywila, kwa sababu kitufe hakina mkono wa kuiandika. Kisha lafuata jina la amri moja tu. Na zile alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani? Zinasema: amri hii isifuatwe na neno lolote. Ndogo kwa macho, kubwa kwa kazi.

Kwa nini visudo? Kwa sababu huyakagua maandishi kabla ya kuyahifadhi. Ukikosea alama moja katika faili hizi, sudo yaweza kukataa kufanya kazi kabisa, na wewe ukafungiwa nje ya nyumba yako.

Hatua ya tano. Katika skripti ya tovuti andika amri hii, wala usiunganishe nayo neno la mgeni:

sudo -n /usr/local/sbin/anzisha-printa

Alama -n husema: kama nywila inatakiwa, usingoje, kataa mara moja.

Hatua ya sita. Jaribu kwa pande mbili. Wengi hujaribu upande mmoja: kitufe kimefanya kazi, basi hufurahi na kwenda zao. Wewe jaribu pia kuwa kisichoruhusiwa kinakataliwa. Amri hii itakuonyesha orodha ya anayoruhusiwa www-data:

sudo -l -U www-data

Na hii humjaribu kwa jambo asiloruhusiwa:

sudo -u www-data sudo -n /usr/bin/id

Ikikataliwa, umefanya vema. Ikikubaliwa, rudi hatua ya nne ukatafute kosa.

MAONYO MATATU

La kwanza: sudo haimjui aliyebonyeza kitufe. Inamwona www-data tu. Kwa hiyo ukurasa wenye kitufe uwe na nywila, ufunguliwe na karani na wasaidizi wake, si kila mpita njia.

La pili: usiruhusu kwa sudo programu za kuandikia kama vi, wala za kusomea kama less, wala find. Zinaonekana hazina madhara, lakini kila moja yaweza kuamriwa kufungua sheli. Umempa mtu chumba kimoja, kumbe chumba hicho kina mlango wa pili unaoingia nyumba nzima.

La tatu: hata kufuli huchakaa. Mwezi wa Januari mwaka 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kosa ndani ya sudo yenyewe, lililokuwamo tangu Julai mwaka 2011. Mtumiaji mdogo aliweza kujifanya root kwa kosa hilo, hata kama sheria za sudo hazikumruhusu kitu. Dawa yake ilikuwa kupata toleo jipya. Basi usiache kuipa kompyuta yako matoleo mapya, na nakala za akiba za daftari uziweke mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo.

SANDUKU LA BARUA

Iko njia nyingine tena, nayo haitumii sudo hata kidogo. Skripti ya tovuti isitende kazi yenyewe. Iweke tu faili tupu iitwayo ombi katika folda iliyotengwa, kama mtu anayetia barua sandukuni. Kila dakika moja skripti ya root, inayoamshwa na saa ya kompyuta iitwayo cron, hutazama sanduku. Ikiona ombi lipo, hulifuta, kisha huanzisha printa. Isipoliona, hulala tena.

Uzuri wake ni kuwa bawabu hana ufunguo wowote. Anapeleka habari tu. Lakini shika sharti lake: skripti ya root itazame kama ombi lipo au halipo, isisome yaliyoandikwa ndani na kuyatenda. Ikiyatenda, mwizi atakuwa anamwandikia root barua, na root anamtii. Tena kitufe hakitajibu papo hapo. Huenda mtu akangoja hata dakika moja. Kwa foleni ya stakabadhi, dakika moja si neno.

KWA KARANI WETU

Ndugu karani, umesikia. Kitufe chako ni wazo jema, kiweke. Wakulima hawastahili kukaa juani kwa ajili ya amri moja. Lakini mwite fundi mara moja hii, aje na kitabu hiki, mpite hatua zote sita pamoja. Na kama ulikwisha kumfuata rafiki yako, leo kabla ya kulala ufute mstari ule wa ALL. Usingoje kesho. Nimekwisha kukuambia habari ya kesho yangu.

MASWALI YA DARASA

1. Namba ya root ni ngapi? Na katika Debian namba ya www-data ni ngapi?
2. Kwa nini fundi aliweza kuianzisha printa, na kitufe hakikuweza?
3. Waliotunga phf walisahau kuchuja alama gani? Kulitokea nini?
4. Kama ruhusa ya faili ni 755, watu wengine waweza kuibadili? Onyesha kwa hesabu.
5. Andika kwa maneno yako mwenyewe maana ya alama mbili za kunukuu mwishoni mwa sheria ya sudo.
6. Jambo la kuzungumza: katika chama chenu, au msikitini, au kanisani, au dukani, ni nani aliye na funguo nyingi kuliko kazi yake? Afanyiweje bila kumvunjia heshima?

Majibu ya maswali matano ya kwanza yaandike katika daftari lako, umwonyeshe mwalimu. La sita lizungumzeni kwa upole.

Huu ndio mwisho wa somo letu la leo.